Nimepangiwa kipimo cha kamera ya utumbo wa chini, waliowahi kupima naombeni mnielekeze

kijiko_cha_chai:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kupitia hii kitu. Mimi mwanaume, miaka 47, kwa kama miezi miwili hivi nikienda chooni naona damu nyekundu kwenye karatasi, siku moja moja na kwenye choo chenyewe, haiumi, nikawa najiambia ni bawasiri tu itapoa, haikupoa, mke wangu ndo kanisukuma niende. Dokta kapapasa tumbo, kauliza maswali mengi, mwisho kaandika sigmoidoskopi, kasema ni kamera inapita njia ya haja kubwa inaangalia sehemu ya chini ya utumbo mpana. Nikaitikia kama nimeelewa, si unajua ukiwa mbele ya dokta unaitikia tu kila kitu, nimefika nje ya mlango ndo maswali yanaanza kuja.

Sasa nauliza, wanakulaza usingizi au upo macho? Inaingia umbali gani? Inauma kweli au watu wanatia chumvi? Afu nimepewa kiboksi kina kichupa cha plastiki chenye mdomo mrefu, naambiwa ni dawa ya kusafisha utumbo, nijiwekee mwenyewe njia ya haja kubwa nyumbani asubuhi ya kipimo, hapo ndo nimechoka kabisa, nakiwekaje? Na samahani kwa swali la kipuuzi, ikitokea nimechafua pale kitandani wanapima? Nacheka lakini hicho ndo kinaninyima usingizi kuliko hata majibu. Kipimo ni alhamisi ijayo.

bwana_subira:
Mkuu usitishike, dakika 10 hivi umemaliza. Mimi nilitumia muda mrefu zaidi kufungua kamba za viatu mikono inatetemeka.

mama_mapacha:
Pole kaka. Mimi nilifanya mwaka jana na nilikuwa na woga kama wako, tena mimi niliahirisha mara mbili.

Nianze na hicho kichupa maana hicho ndo shughuli yenyewe, kipimo ni cha baadae. Soma kwanza karatasi uliyopewa inasema saa ngapi, mimi niliambiwa saa moja kabla ya kutoka nyumbani, wengine wanawekewa hukohuko hospitali na nesi. Tandika taulo sakafuni karibu na choo, nasema karibu na CHOO, sio chumbani kitandani kama nilivofanya mimi. Lala ubavu wa kushoto, magoti yavute juu kuelekea kifuani, toa kifuniko, paka mafuta kidogo kwenye ule mdomo, ingiza taratibu huku unashusha pumzi, usilazimishe, kisha minya kichupa mpaka dawa iingie, kikibaki kidogo chini ni kawaida. Hapo unabana. Wanasema ukae nayo dakika 5 au zaidi kama unaweza. Kwangu dakika ya pili tu nilianza kuongea peke yangu. Ikija inakuja kwa nguvu, tumbo linasokota, unarudi chooni mara mbili tatu, afu kunakuwa kimya kabisa. Mimi nilivaa pedi njiani kwa ajili ya amani ya moyo na haikutumika.

Kule unapewa gauni linalofunguka nyuma, unalala ubavu uleule wa kushoto umekunja magoti, wanakufunika shuka, kinachobaki wazi ni hapo tu panapohitajika. Kwanza dokta anapitisha kidole chenye jeli kukagua, hilo nalo hakuna aliyeniambia nikashtuka, kisha ndo kamera. Wanapuliza hewa ili utumbo ufunguke waone vizuri, sasa ile hewa ndo inaleta hisia kwamba unataka kwenda haja sasa hivi, kumbe hamna kitu. Nilimwambia nesi jamani nataka choo, akasema hiyo ni hewa mama, iachie tu. Nikabana. Akasema tena iachie. Nikaiachia, ukapita mlio mrefu ambao siwezi kuueleza hapa, nikafumba macho, nilipofumbua hakuna hata mmoja aliyegeuka, wote wanaangalia skrini. Ndo na mimi nikaangalia. Utumbo wangu mwenyewe, rangi ya waridi, unang'aa kwa unyevu kama ndani ya shavu, na vimishipa vyembamba vyekundu vimetawanyika. Nikasahau kuogopa kabisa yani.

dunia_duara:
Mkuu jiandae, siku 3 kabla usile kitu kigumu na siku ya mwisho unakunywa madawa ya kuharisha lita kadhaa usiku kucha, na wanakuchoma sindano ya usingizi hujui kinachoendelea. Shemeji yangu ndo alivofanyiwa.

kisiki_kikavu:
Mimi ntasema tofauti na hao wanaosema ni rahisi, msimpambe mwenzenu maua. Mimi iliniuma. Mwanzo sawa, hamna shida, ilipofika kwenye kona moja hivi nilihisi kama mtu anavuta tumbo langu kwa ndani kwa kamba, jasho likanitoka, nikashika chuma cha kitanda. Dokta anaendelea kuongea na mwenzake mambo yao ya ratiba za likizo. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba naruhusiwa kusema simama. Hakuna aliyeniambia kuna dawa ya maumivu ningeomba. Niliondoka pale nimekasirika kuliko nilivyoumia. Jina la hospitali silitaji, lakini nasema ili ndugu hapa ajue cha kuuliza kabla hajapanda kitandani.

nesi_wa_zamu:
Nafanya kazi chumba cha kamera miaka kadhaa sasa, ngoja niweke vitu sawa maana naona mada imechanganyika.

dunia_duara, shemeji yako alifanyiwa kolonoskopi. Hiyo inazunguka utumbo mpana wote, karibu mita moja na nusu, ndo maana wanakuharisha usiku kucha na wengi wanapewa dawa ya kuwatuliza. Ya muuliza swali ni sigmoidoskopi, inaishia upande wa kushoto, kamba yenyewe kama sentimita 60, unene kama wa kidole na inajipinda. Kwa hiyo mara nyingi kichupa kimoja au viwili vinatosha kusafisha na wengi hawalazwi usingizi, wapo macho wanapiga stori. Ila sio kila hospitali utaratibu ni uleule, fuata karatasi YAKO, usifuate ya shemeji wa mtu. Usije ukashinda njaa siku 3 bure.

kisiki_kikavu pole sana, na una haki ya kukasirika. Ile kona ipo kweli, utumbo pale umejikunja kama herufi S, kamera ikisukuma inaweza kuutanua ukavutika, hapo ndo maumivu. Waliowahi kupasuliwa tumbo au nyonga mara nyingi wanaumia zaidi kwa sababu ndani kunakuwa na makovu yanayoshikanisha utumbo hivo haulegei. Na mtu mwembamba sana pia wakati mwingine. Lakini tuna la kufanya, tunavuta kamera nyuma kidogo ijinyooshe, tunatoa hewa, tunakugeuza ulale chali, nesi anakubonyeza tumbo kwa kiganja, na sehemu nyingine kuna gesi ya kuvuta mwenyewe kwa kifaa cha mdomoni inayopunguza maumivu. Sasa hayo yote yanatokea haraka kama umesema. Wapo wanaokaa kimya wameuma meno, sisi tunaangalia skrini tunadhani yupo sawa. Sema simama. Anasimama. Ni haki yako hata katikati. Ukiomba sindano ya kutuliza hapo ujue lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani na usiendeshe gari kwa saa 24.

Wakikata kipande kidogo cha nyama kwenda kupima huwezi kuhisi, ule utando wa ndani hausikii kukatwa, unachosikia ni kutanuka na kuvutwa. Watu huwa hawaamini nawaambia tumeshakata vinne.

Kuchafua. Kaka yangu, kitanda kimewekwa karatasi ya kunyonya maji chini yako, pembeni kuna mashine ya kufyonza, na kamera yenyewe inarusha maji na kuyavuta. Maji kidogo ya rangi ya choo hutoka kwa watu wengi tu, tunafuta tunaendelea. Nikitoka kazini siwezi kukwambia nani alichafua nani hakuchafua. Naweza kukwambia nani alikuwa anatoa vichekesho.

La muhimu kuliko hilo, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin au clopidogrel piga simu LEO usisubiri alhamisi, na usiache mwenyewe bila kuambiwa. Mwenye kisukari pia aseme mapema. Vidonge vya madini ya chuma navyo ulizia, vinafanya choo kiwe cheusi kinanata kwenye kuta, mara nyingi vinasimamishwa wiki moja kabla.

kijiko_cha_chai:
Dah ahsanteni sana. Nesi, mimi nilipasuliwa apendiksi nikiwa kijana, niwaambie? Na dawa natumia ya presha tu.

nesi_wa_zamu:
Waambie ndio, kabla ya kuanza. Dawa ya presha kwa kawaida unaendelea kunywa ila thibitisha nao. Na umefanya vizuri kwenda. Damu kwa umri wako mara nyingi inakuwa bawasiri kweli, lakini hakuna anayeweza kuijua kwa kukisia. Kuna vinyama vinaota kwenye utumbo bila kuuma, vinaitwa polipu, vingi havina madhara ila baadhi vikiachwa miaka, kama 10 hivi, vinaweza kugeuka saratani, vikionekana mapema vinatolewa na kesi imeisha. Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupima utumbo hata kwa mtu asiye na dalili yoyote, kutoka 50 hadi 45. Wewe una 47 na dalili unayo.

bwana_subira:
Vaa viatu vya kuchomeka. Usinisahau.

kijiko_cha_chai:
Nimerudi wakuu. Jana ndo ilikuwa.

Kichupa: nililala kwenye taulo mlangoni mwa choo kama mama_mapacha alivoshauri, simu mkononi nahesabu dakika, mke wangu nje ananiuliza bado? bado? Nikamwambia usinichekeshe.

Hospitali nilisubiri muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Nilisaini fomu, wakanieleza hatari zake, kutoka damu na utumbo kutoboka, wakasema kutoboka ni mara chache mno kwa hiki kipimo ila lazima niambiwe. Nikawaambia habari ya apendiksi na nikauliza nikisema simama mnasimama? Dokta akacheka akasema sema tu hata kwa kunyoosha mkono. Mwanzo ni ile hali ya kubanwa choo, hewa, tumbo limejaa kama mpira. Kwenye kona ikaanza kuvuta, nikanyoosha mkono, kweli akasimama, akarudisha nyuma, nesi akanibonyeza tumbo upande wa kushoto, wakaendelea ikapita. Sio kwamba haikuuma, iliuma kama sekunde 20 hivi ikaisha. Yote dakika 15. Hewa yote niliitoa chumba cha mapumziko, tulikuwa watatu kila mmoja nyuma ya pazia lake tunajibizana, hakuna aliyeomba radhi.

Majibu: bawasiri za ndani zipo, ndo zinatoa damu. Lakini pia wameona kinyama kimoja kidogo, milimita 5, wamekitoa palepale sikuhisi chochote, nimeona tu waya mdogo umekizunguka kwenye skrini kikakatika. Kimepelekwa maabara, majibu wiki mbili. Na sasa wananiandalia kolonoskopi waangalie na upande uliobaki. Wameniambia damu kidogo siku moja mbili ni kawaida, ila ikitoka nyingi, au tumbo likiuma sana lisiache, au homa, nirudi hapohapo bila kusubiri asubuhi. Leo nipo sawa, gesi tu.

mama_mapacha:
Hongera sana kaka, na hicho kinyama kimetoka, bora huko maabara kuliko tumboni. Nasubiri majibu nawe.

kisiki_kikavu:
Kwa hiyo alisimama ulivonyoosha mkono?

kijiko_cha_chai:
Palepale mkuu. Nilimnyooshea kwa ajili yako pia.

dunia_duara:
Kwa hiyo sasa hiyo kolonoskopi ndo ile ya shemeji yangu?

nesi_wa_zamu:
Hahaha ndiyo. Sasa mwambie shemeji aje atoe ushauri.

bwana_subira:
Swali la mwisho, kichupa ulikaa nacho dakika ngapi?

kijiko_cha_chai:
Tatu na sekunde arobaini. Ya nne nilikuwa nimeshakaa.