Vipimo vya damu vya "lishe na akili": vipi viagizwe, na damu itolewe vipi?

Nesi_wa_Zamu
Habari wakuu. Mama wa miaka 66, ana kisukari, yuko kwenye dawa ya metformin mwaka wa tisa. Miezi minne hii amekuwa msahaulifu, halali, machozi hayamkauki, na nyayo zinamfa ganzi. Familia imepewa orodha ya vipimo 14: vitamini B12, zinki, shaba, histamini, serotonini, mpaka nywele. Fedha yao haifiki hata nusu. Vipi vina maana?

Maabara_Kwanza
Anza na B12, nesi. Metformin ya muda mrefu huzuia B12 isifyonzwe vizuri, na usahaulifu ukiongozana na ganzi ya nyayo lazima uitafute. Shida ni kwamba ganzi hiyo husingiziwa kisukari na hakuna anayepima.

Kabla hujatoa damu, muulize kama ameshapewa sindano ya vitamini au vile vidonge vya neva vinavyouzwa kila duka la dawa. Vina B12 ndani. Akishavitumia, namba hupanda na jibu halina kazi tena. Damu kwanza, dawa baadaye.

Majibu yakirudi, soma kizio kabla ya namba. 180 pg/mL ni upungufu. 180 pmol/L ni kama 244 pg/mL, yaani pa mashaka. Kati ya 200 na 300 pg/mL, homosisteini (kemikali ya damu inayopanda B12 ikipungua) husaidia kuamua, ila kichupa kikae kwenye barafu na damu izungushwe kwenye mashine ya kutenganisha chembe ndani ya saa moja. Ikichelewa, chembe nyekundu huendelea kuitoa na utapata namba ya juu ya uongo. Pima na kreatinini, kipimo cha figo, maana figo zikichoka homosisteini hupanda yenyewe.

FBP (picha kamili ya damu) iwepo, lakini MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, ikiwa ya kawaida isikutulize. Akikosa na madini ya chuma pia, chembe kubwa na ndogo huchanganyika, wastani ukaonekana mzuri. Omba slaidi itazamwe: neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zenye kiini cha vipande 6 ni ushahidi wa upungufu.

Mfamasia_Pwani
Naongezea: asipewe foliki asidi peke yake kabla B12 haijajulikana. Wingi wa damu utapanda, kila mtu atafurahi, huku uti wa mgongo ukiendelea kuharibika.

TSH, kipimo cha tezi ya shingo, nayo ipimwe, tezi ya shingo ikilegea hufanana kabisa na sonona. Kama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, aache siku 3 kabla. Kwenye baadhi ya mashine bayotini hushusha TSH kwa uongo.

Nesi_wa_Zamu
Asanteni sana. Na zinki, je? Ndiyo wanayoisisitiza.

Maabara_Kwanza
Zinki ni kipimo chepesi kuharibika. Damu itolewe asubuhi, hajala, kwenye kichupa maalumu cha madini chenye kifuniko cha bluu iliyokolea. Mpira wa kifuniko cha kawaida una zinki yake. Seramu ikiwa na wekundu, itupe, chembe zimepasuka. Homa nayo hushusha zinki hata kwa anayekula vizuri, lakini feritini (kipimo cha akiba ya madini ya chuma) homa huipandisha. Ndiyo maana feritini huagizwa pamoja na CRP, kipimo cha uvimbe na maambukizi mwilini. Kwa mama huyu, zinki ingoje.

Serotonini ya damu hutoka utumbo na kubebwa na chembe sahani, haisemi lolote kuhusu ubongo. Histamini na nywele, futa. Shaba huulizwa kwa kijana anayetetemeka na kubadilika tabia, na hapo anza na seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu.

Daktari_Bara
Nakubaliana. Hela inayobaki iende kwenye sukari, sodiamu, VVU na kaswende. Kama ganzi inapanda au anayumba akifumba macho, toeni damu leo na sindano ya B12 ya mikrogramu 1000 ichomwe leo hii hii, bila kungoja majibu. Metformin asiache kwa uamuzi wa nyumbani. Akizungumzia kufa, apelekwe hospitali usiku huo huo.