Acheni kutuambia wanawake "zima maiki" tunapotukanwa kwenye magemu

Wakuu, habari za usiku huu. Mods (wasimamizi wa jukwaa), naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bando na kasi ya intaneti. Hauhusiani. Huu ni wa matusi. Nimeuandika mara tatu nikiufuta, leo naumaliza.

Mimi ni mdada wa miaka 27, naishi Dar. Mchana nauza duka la vifaa vya ujenzi, usiku nacheza gemu. Nilianza zamani kwenye kibanda cha gemu Temeke, enzi hizo kaka yangu ananiachia pad ya kuchezea pale tu anapotoka kwenda kununua mihogo. Siku hizi nacheza kwenye simu, gemu la risasi la kikosi cha watu wanne. Jina la gemu silitaji kwa sababu haya ninayoyaeleza yapo kwenye yote. Nacheza vizuri, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu nimelitolea jasho.

Mwezi wa tatu niliingia lobi, yaani chumba cha kusubiri mechi, na watu watatu nisiowafahamu, wote Watanzania wenzangu kwa kuwasikia. Nilikaa na maiki imezimwa karibu mechi nzima, kama tunavyoshauriwa. Tukabaki vikosi vitatu. Nikaona maadui wawili wamelala juu ya paa la bati jekundu, na wenzangu wanakimbilia palepale bila kujua. Nikawasha maiki nikasema: "Rudini, kuna wawili juu ya paa, kushoto kwenu." Basi. Sikuongeza neno.

Mmoja akapiga kelele: "Oya, kumbe demu! Nani kaleta demu humu?" Yakafuata ya kuniuliza bei yangu ni kiasi gani kwa usiku, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Halafu akageuka akanirushia bomu la mkono miguuni. Mwenzangu wa kikosi kimoja.

Wachezaji wanajua, ukiangushwa hufi hapohapo. Unatambaa kwa magoti, damu inapungua kidogo kidogo, na mwenzako akichuchumaa pembeni yako sekunde chache tu anakuinua. Wale wawili waliobaki walikuja. Mmoja akaanza kunipiga ngumi pale chini huku anacheka. Mwingine hakusema tusi hata moja. Alisimama tu, bunduki mkononi, ananiangalia natambaa hadi damu ikaisha. Nilimwita kwa jina lake la gemu, "kaka niinue." Kimya. Huyo ndiye ninayemkumbuka hadi leo kuliko aliyerusha bomu.

Hilo lilipita. Sasa niwaambie la mwezi uliopita.

Kulikuwa na mashindano ya mtandaoni, kiingilio elfu ishirini kwa kikosi, washiriki wote wamewekwa kwenye kundi moja la WhatsApp, watu 240 na kitu. Kikosi chetu kilikuwa na mimi na vijana watatu ninaoheshimiana nao, na mimi ndiye niliyekuwa napanga mwendo: tunashuka wapi, nani anabaki nyuma, gari linaachwa wapi. Mechi ya kwanza niliua 11. Matokeo hayajamaliza dakika tano kundini, mtu kaandika kwamba demu hawezi kuua 11, kuna mwanaume anamchezea, au ana programu ya kulenga yenyewe. Wakataka nijirekodi video mikono yangu ionekane. Nikakubali, na hapo nilikosea. Nilisimamisha simu ya jirani yangu juu ya debe la unga, nikacheza mechi nzima inarekodi mikono. Video ilipofika kundini hakuna aliyezungumzia mchezo. Walizungumzia kucha zangu.

Nilipokuwa natafuta kama kuna mwingine yaliyomkuta haya, nikakuta habari ya binti wa Korea Kusini anayejulikana kama Geguri. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 17, anacheza Overwatch, gemu la risasi la timu, kwa kiwango cha juu, na alilenga vizuri mno kiasi kwamba wachezaji wa kulipwa wakamtuhumu kwamba anaiba, yaani anatumia programu ya kumsaidia kulenga. Wawili wakaapa kuacha mchezo ikithibitika kwamba haibi. Kampuni ya gemu hilo ikamkagua, ikasema msafi. Bado ilibidi akae studio, kamera moja inaonyesha mikono yake, acheze mubashara watu wakihesabu kila anaposogeza mausi. Alicheza vilevile. Mwaka 2018 akasajiliwa Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza kwenye Ligi ya Overwatch. Nilisoma habari ile saa nane usiku nikalia, kwa sababu mtoto wa miaka 17 kule Korea na mimi huku Dar tumetakiwa kitu kilekile: onyesha mikono.

Turudi kundini. Siku ya pili mtu akaenda kwenye akaunti yangu akachukua picha niliyopiga kwenye send-off ya binamu yangu, nimevaa mtandio wa kijani. Wakakata kichwa wakakipachika kwenye mwili wa mwanamke aliye uchi. Kazi yenyewe ya ovyo, shingo ina rangi moja na mabega yana rangi nyingine, na kipande cha mtandio wa kijani kimebaki kinaning'inia begani. Wameiweka kundini na namba yangu ya simu chini yake. Nilipoifungua nilikuwa dukani namhesabia mteja misumari. Mikono iliishiwa nguvu.

Nikamwandikia admin. Jibu lake ninalo, nimelipiga skrinishoti: "Dada, huo ni utani wa gemu, ukiwa huwezi joto la jikoni toka." Nikaandika kundini kwamba picha ifutwe na aliyeiweka aondolewe. Dakika tatu baadaye nikaondolewa mimi, kwa kosa la "kuleta fujo." Kikosi changu kikaendelea na watu watatu na kikatolewa. Aliyeweka picha alicheza mashindano hadi mwisho.

Simu zikaanza saa tisa usiku. Namba nisizozijua. Wengine wanapumua tu. Wengine wanataja mtaa ninaokaa. Siku ya nne baba yangu mdogo, mzee wa miaka 60 na kitu, akanipigia kutoka Morogoro. Alikuwa ametumiwa ile picha na mtu asiyemjua. Hakunifokea. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, hii ni nini?" Jamani, kumweleza baba mdogo kitu kama kile kwenye simu, neno kwa neno, hadi aelewe kwamba mwili ule si wangu... Sitamsahau aliyenifikisha pale.

Sasa ndio nije kwenye kilichonifanya nifungue uzi. Kila niliyemweleza, wanaume kwa wanawake, kanipa ushauri uleule. Zima maiki. Badili jina utumie la kiume. Wablok. Ficha akaunti. Acha gemu, wewe ni mtu mzima. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza yule kijana aliyeweka picha anaitwa nani, anakaa wapi, nani anamfahamu amkanye. Adhabu zote nimepangiwa mimi. Na hiyo ya kuzima maiki anayeisema hajacheza gemu lile, kwa sababu kikosi kisichoongea kinakufa. Unaniambia nishindane na watu wenye masikio na midomo, mimi niende nimezibwa mdomo, halafu nikishindwa useme wanawake hawawezi gemu.

Kuna wanaosema ni vitoto, vitakua. Wakuu, tuhesabu miaka. Mwaka 2012 mwanamama Anita Sarkeesian alichangisha fedha mtandaoni atengeneze video za kueleza jinsi wanawake wanavyochorwa kwenye magemu. Aliomba dola 6,000, akapata zaidi ya 150,000. Wenye hasira wakamtungia kigemu ambacho ukibofya unaupiga uso wake hadi uvimbe. Agosti 2014 ikaja ile wanayoiita Gamergate, kampeni ya matusi na vitisho dhidi ya wanawake kwenye magemu, imeanzia kwenye andiko la mpenzi wa zamani wa Zoe Quinn, mtengenezaji wa magemu. Watu wakalitumia kudai kwamba eti Quinn alitembea na mwandishi wa habari ili gemu lake lisifiwe. Mwandishi huyo hakuwahi hata kuandika tathmini ya gemu hilo. Haikusaidia kitu, moto ulikuwa umeshawaka. Oktoba mwaka huohuo Brianna Wu, naye mtengenezaji wa magemu, alikimbia nyumba yake baada ya anwani yake kuanikwa na vitisho vya kuuawa. Mwezi huohuo Sarkeesian alifuta mhadhara wake Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, kwa sababu mtu alitishia kufanya mauaji ya halaiki pale, na polisi wakasema sheria za jimbo haziwaruhusu kuwazuia watu kuingia ukumbini na bunduki zao. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule leo ni baba wa familia. Hawakukua wakaacha. Walioona hakuna anayechukuliwa hatua waliwafundisha wadogo zao.

Na hapa nyumbani sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23: kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia ni kosa, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa kwenye gemu." Nilikwenda kituoni nikiwa nimechapisha kila kitu kwenye karatasi. Askari wa kwanza akaniuliza kwa nini nacheza na wanaume usiku. Nikaomba nipelekwe Dawati la Jinsia, nikakaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba, mama mmoja akanipokea, akasoma karatasi zote moja moja, akaandika maelezo yangu. RB, namba ya taarifa yangu polisi, ninayo. Dada yeyote anayesoma hapa, usifute kitu kwa hasira. Piga skrinishoti namba, tarehe na saa vionekane, ndipo ublok. Mimi karibu nifute vyote usiku wa kwanza, na ningekwenda kituoni mikono mitupu.

Kwa waandaaji wa mashindano, mnachukua elfu ishirini yangu sawasawa na ya kijana yeyote. Mkikamata mtu anaiba mnamfungia siku hiyohiyo na mnabandika jina lake. Basi anayepachika picha ya uchi mfungieni hivyohivyo, na muandike kwenye kanuni kabla ya kukusanya kiingilio.

Na ninyi wengine 230 na zaidi. Picha ile ilikaa kundini mbele yenu wote. Nane waliweka kicheko. Waliobaki hawakucheka, hawakutukana, hawakusema kitu. Najua wengi wenu si watu wabaya, nimecheza nanyi, wengine mnaniita dada. Mngeandika maneno mawili tu, "futa hiyo," watu kumi mfululizo, admin asingethubutu kunitoa mimi.

NYONGEZA, saa tano usiku.

Nimesoma majibu yote. Kwa mnaosema wanaume nao wanatukanwa: ni kweli, nimewasikia. Mwanaume anatukanwa akicheza vibaya, akicheza vizuri tusi linaisha. Langu lilianza nilipoua 11.

Aliyesema gemu si za wanawake, Kenya hapo jirani yupo Sylvia Gathoni, Queen Arrow wa Tekken, gemu la kupigana, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani. Kamwambie yeye.

Aliyetaka niweke picha hapa "kama ushahidi," siweki. Ushahidi upo polisi.

La mwisho. Tangu nifungue uzi huu nimepata jumbe tatu inbox kutoka kwa vijana waliokuwemo kwenye kundi lile. Wote wananiomba msamaha. Mmoja kaandika kwamba alimfahamu aliyeitengeneza picha tangu siku ya kwanza, wamesoma wote, na moyo unamsuta. Nimewasoma, na nimelia tena. Lakini kaka zangu, inbox yangu siyo mahali pa kuyasema hayo. Kundi lile bado lipo, mashindano mengine yanaanza Jumamosi, na ninyi bado mmo ndani. Yaandikeni kule. Mimi nimeondolewa sitayaona, ila aliyeitengeneza picha atayaona.