Naomba ushauri: nyumba za kaunti zikibomolewa, mpangaji wa zamani alindweje?

Habari zenu ndugu. Mama yangu ni mpangaji wa miaka mingi katika nyumba za zamani za kaunti hapa Nakuru. Choo ni cha pamoja, mabati yamechakaa. Tumeambiwa zitabomolewa zijengwe ghorofa. Sipingi hata kidogo. Wazee wetu wanastahili maji ndani ya nyumba. Kinachoninyima usingizi ni kwamba ahadi ya kurudi imetolewa kwa mdomo tu.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inataja nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Mama, muuza mboga, yumo humo. Lakini asiye na hati ya malipo ya mshahara athibitishe vipi?

Mliokuwa wapangaji Makasembo, Kisumu, mtaa wa nyumba za zamani za kaunti uliobomolewa ujengwe upya, mlidai nini kwa maandishi kabla ya kuhama? Kodi ya muda ule wa kungoja ililipwa na nani? Pia, kwenye kikao cha maoni nataka tuombe matangi ya maji ya mvua na taa za sola ngazini, maana bili ndizo zitakazowafukuza wazee baadaye. Mwenye mfano wa barua ya wapangaji, tafadhali anisaidie.