Mbwa hasikii nikimwita nje ya geti, naomba ushauri, nina wiki tatu

Mja wa Mkomani, Jumanne, saa 2:10 usiku

Salaam kwa wote. Niko Mombasa, upande wa Nyali. Nina mbwa dume anaitwa Tufani, ana mwaka mmoja na miezi miwili, na ana nguvu ambazo sijui anazitoa wapi. Ndani ya ua nikimwita anakuja mbio mpaka anateleza kwenye vigae vya baraza. Nikimtoa nje ya geti, hasa ufuoni, nikimfungua kamba basi. Namwita Tufani, Tufani, Tufani, hata sikio halitikisi.

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, maji yamekupwa, tulitembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Akamwona ngamia mmoja wa wale wanaopandisha wageni, akatoka mbio. Nilimkimbiza zaidi ya nusu saa. Alipochoka alirudi, lakini akasimama kama hatua tatu kutoka nilipo, ulimi nje, ananitazama. Nikisogea, anarudi nyuma. Nikisimama, anasimama.

Nahitaji njia ya haraka. Nina wiki tatu tu. Tafadhali msinitukane.

Bi Kongowea, saa 2:31 usiku

Mwanangu, sikutukani, lakini nikuulize. Ufuo ule si wako peke yako. Kuna watoto, kuna watu wametoka kutawadha. Sisi Mashafii mbwa akilamba chombo tunakiosha mara saba, moja kwa udongo, na mtu mwenye kanzu nyeupe anaelekea msikitini hana wakati huo. Simchukii mnyama. Tumefundishwa habari za mtu aliyeteka maji kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Na mbwa wa kuwinda aliyefunzwa ametajwa ndani ya Kurani, anachomletea mwenyewe kinaliwa. Aliyefunzwa, lakini. Asiyefunzwa akae nyumbani.

Fundi wa Likoni, saa 2:48 usiku

Umenikumbusha mbali. Mimi wangu alikuwa Chui. Asubuhi moja alinifuata mpaka ferini bila mimi kujua, akapenya katikati ya miguu ya watu, geti likafungwa yeye ndani, mimi nje. Feri ikang'oa nanga mbwa akiwa pale mbele amesimama anatazama kisiwani kama mtu anayewahi kazini. Nikasubiri ya pili, moyo unanidunda. Kuvuka, namkuta chini ya meza ya mama wa viazi karai, ameshalishwa, mkia unapiga mguu wa meza tak tak tak. Nikamwita hakuja. Mama akachukua kiazi, akanipa mimi, akasema mwite tena. Akaja. Tangu siku ile nikawa natembea na kiazi mfukoni, na mke wangu akilalamika suruali zote zina mafuta.

Mfugaji Bamburi, saa 3:05 usiku

Fundi amecheka lakini ameligusa jambo lenyewe.

Mja, nina swali moja, na nataka ulijibu kabla ya kukwambia chochote. Akirudi, unamfanya nini?

Mja wa Mkomani, saa 3:20 usiku

Namfunga kamba tunarudi nyumbani. Kawaida. Mnisaidie na mazoezi, tafadhali. Kuna neno maalumu la kumwita?

Daktari wa Mifugo, saa 3:26 usiku

Kabla ya neno maalumu: ana chanjo ya kichaa cha mbwa? Mbwa anayezurura ufuoni na kukutana na mbwa wasio na wenyewe achanjwe kila mwaka. Na aliyeumwa na mbwa asisubiri aone itakuwaje: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Nimeona familia ikipaka majani na pilipili kidondani wiki nzima. Tena, dume asiyehasiwa akisikia harufu ya jike, jina lake analisahau. Lifikirieni.

Mja wa Mkomani, saa 3:33 usiku

Chanjo anayo, kadi ipo. Kuhasiwa si uamuzi wangu.

Mfugaji Bamburi, saa 3:41 usiku

Si uamuzi wako? Haya, hilo tutalirudia. Nakuuliza tena kwa sababu ya zile hatua tatu. Mbwa anayekudharau hasimami hatua tatu, anakwenda zake. Anayesimama hatua tatu akakutazama machoni anataka kuja, ila kuna kitu anakiogopa. Hapo ulimpiga. Sema ukweli.

Mja wa Mkomani, saa 4:02 usiku

Nilimchapa. Kwa ufito wa mwarobaini, mara nne au tano. Ile Jumamosi, na mara moja kabla yake. Mwenye ngamia alikuwa akinifokea mbele za watu, ngamia ameruka mgeni karibu aanguke, mimi nimeloa jasho, nikakasirika. Ningefanyaje? Mbwa lazima ajue amekosa. Nami nililelewa kwa kiboko na sikufa.

Na nimeshapata dawa. Kuna mtu anauza kola ya umeme, unabonyeza rimoti mbwa anashtuka. Nimeshamtumia 2,500, iliyobaki nampa akileta. Nilichotaka kwenu ni namna ya kuitumia tu.

Kichwa Maji, saa 4:06 usiku

Ikifika ijaribu kwanza shingoni mwako, mkeo ashike rimoti.

Mfugaji Bamburi, saa 4:30 usiku

Kaka, sikukemei. Wangu wa kwanza nilimfanya vivyo hivyo, na alikufa akiwa bado ananikwepa mkono nikiuinua hata kujikuna. Hilo ninalo mpaka leo.

Tazama alivyoelewa yeye. Alikimbia nusu saa, hakupigwa. Aliporudi, akapigwa. Kwake yeye kosa ni kurudi. Na "Tufani, Tufani, Tufani" ndilo neno linalotangulia ufito. Chukua mtoto ambaye kila akiitwa ni kutumwa dukani au kuchapwa. Mwezi wa pili ataanza kujifanya hasikii, nawe utasema mtoto huyu kiziwi.

Hata bila ufito, umesema akirudi unamfunga kamba mnakwenda nyumbani. Yaani kila akikutii, starehe imekwisha. Nani atatii?

Kola ya umeme, usiichukue. Mbwa haelewi umeme umetoka kwenye rimoti. Anauhusisha na kile anachokitazama wakati ule. Akiwa anamtazama ngamia atamwogopa ngamia, sawa. Akiwa anamtazama mtoto mwenye mpira je? Mbwa aliyeumizwa akimtazama mtoto, safari ijayo anaweza kumuuma. Kule Wales walizipiga marufuku tangu 2010.

Mja wa Mkomani, saa 4:44 usiku

Wales hakuna wiki tatu. Mimi nina wiki tatu na 2,500 zimeshakwenda.

Nahodha Mstaafu, Jumatano, saa 12:15 asubuhi

Nimesoma yote tangu juu na kuna jambo halinikai. Huyu bwana anasema Jumamosi saa kumi jioni maji yamekupwa, akatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Jumamosi ilikuwa mwezi mpevu. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, na bamvua la Mombasa maji hujaa saa kumi na hupwa saa nne, asubuhi na usiku. Miaka arobaini nimetia ngalawa majini hapa, sijaona bahari ikibadilisha. Saa kumi jioni ya Jumamosi mahali anaposema alitembea palikuwa na maji ya kumfunika mtu kichwa. Ngamia alikuwa akiogelea?

Kichwa Maji, saa 12:40 asubuhi

Kumbe hadithi! Nami nilishaanza kumwonea mbwa huruma.

Bi Kongowea, saa 1:12 asubuhi

Nilihisi mapema. "Si uamuzi wangu", "wiki tatu", na hasemi za nini. Watu wanakesha wanakupa elimu, wewe unatunga.

Fundi wa Likoni, saa 1:30 asubuhi

Mimi Chui wangu alikuwa wa kweli, mama wa viazi yupo mpaka leo.

Mja wa Mkomani, Jumatano, saa 3:50 usiku

Nilikuwa kazini, sikuweza kujibu. Nahodha amesema kweli. Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliandika saa kumi jioni kwa sababu saa nne asubuhi nilitakiwa niwe ninamwagilia maua.

Tufani si wangu. Mimi ni mtunza bustani. Tajiri wangu amekwenda Uingereza kwa mwanawe, anarudi mwisho wa mwezi. Aliniachia nyumba, mbwa na amri moja: asitoke nje ya geti. Mwezi uliopita alichomoka akaingia Links Road, tuk-tuk ikamkosa kidogo sana. Mama akasema, nikirudi nikamkuta bado hasikii, nampa mtu wa godauni kule Changamwe amfunge mnyororo awe wa ulinzi.

Mimi ndiye ninayempa chakula tangu akiwa wa kubebwa mkono mmoja. Mimi ndiye ninayemtoa kupe masikioni. Kila asubuhi bahari ikinuka analala chini ameweka pua kwenye ule upenyo wa chini ya geti, anavuta hewa, analia. Wallahi analia kama mtoto. Siku ya nne sikustahimili, nikamtoa. Nikimpeleka huku nikijua sina ruhusa, na ndiyo maana alipokimbia nilipandwa na hofu, si hasira peke yake. Nikaimalizia kwake ile hofu.

Mkisema mimi mwongo, nimekubali. Lakini mbwa yupo.

Nahodha Mstaafu, saa 4:10 usiku

Basi saa zimekubaliana. Niwie radhi kwa la ngamia.

Kamba utaitaka ndefu. Usichukue ya nailoni nyembamba, mbwa akichomoka itakuchana kiganja mpaka nyama ionekane, nimeona kwa mabaharia. Chukua ya pamba, nene kama kidole, mita kumi. Na usijizungushie mkononi, hata kama mbwa ni mdogo.

Bi Kongowea, saa 4:18 usiku

Haya mwanangu. Mwenye mali mwambie ukweli kabla jirani hajamwambia. Amana ni amana.

Mfugaji Bamburi, saa 4:35 usiku

Afadhali umesema. Sasa sikiliza, na usitoke getini mpaka nikwambie.

Jina Tufani liache kwa sasa, limechafuka. Tafuta sauti mpya ambayo hajawahi kupigiwa. Unajua kupiga mluzi? Mluzi mfupi mara mbili, kila siku ule ule. Kaanga dagaa wakavu bila chumvi, au chemsha maini uyakate vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mifupa iliyopikwa usimpe, inavunjika vijiti vikamchoma tumbo. Siku mbili za mwanzo usimwite kabisa. Yeye akiwa karibu, piga mluzi, mpe. Mluzi, mpe. Mara thelathini kwa siku, zilizogawanywa, kabla ya chakula chake na si baada yake.

Halafu mpe umbali ndani ya ua. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni, aiburute tu. Piga mluzi mara moja. Asipokuja usirudie mara kumi, ukirudia unamfundisha kwamba wa kwanza hauna maana. Kimbia, umpe mgongo. Mbwa humfuata anayekimbia, na wewe siku zote umekuwa ukimkimbilia. Akifika mpe kipande, mshike mkanda kidogo, umwachie aende tena. Hilo la kumwachia ndilo watu hulisahau. Mara tisa katika kumi, akirudi arudishwe mchezoni.

Nje ya geti ni wiki ya tatu, na kamba haitoki mwilini. Ngamia na bahari ni miezi, si wiki. Mwambie mama hivyo. Ukimwonyesha mbwa anayekuja kwa mluzi uani kamba ikiwa chini, nafikiri la Changamwe litaahirishwa.

Mja wa Mkomani, saa 4:52 usiku

Na akisimama zile hatua tatu?

Mfugaji Bamburi, saa 4:58 usiku

Usimtazame machoni. Chutama, mgeuzie ubavu, weka kipande chini baina yenu, subiri. Hata dakika kumi. Mkono usiupeleke juu ya kichwa chake, umguse kifuani kwa chini.

Mja wa Mkomani, Ijumaa, saa 2:05 asubuhi

Nimefanya jana na leo. Mluzi wangu ulikuwa hautoki vizuri, nimefanya mazoezi bafuni.

Asubuhi hii alikuwa chini ya mkilifi, nikapiga. Akainuka, akaja mbio kama zamani, kisha akakumbuka, akasimama. Hatua tatu zile zile. Nikachutama nikampa ubavu, dagaa mmoja nimemweka kwenye kigae. Nilisikia kucha zake. Hatua moja. Akanyoosha shingo mpaka nikaona mbavu zinatetemeka, akamchukua dagaa kwa ncha ya meno, hakukimbia. Wa pili nilimweka kiganjani, akalamba kiganja chote.

Muuza kola amekataa kurudisha pesa. Amesema anaweza kunibadilishia na mkanda wa kifuani, niongeze 300. Sijamjibu bado, ila nadhani nitaongeza.

Mama amepiga simu jana usiku. Nimemwambia la ufuoni. La ufito bado.

Nahodha Mstaafu, saa 2:20 asubuhi

Kesho ni maji mafu. Saa kumi jioni yatakuwa yamekupwa kweli safari hii, lakini hayatoki mbali, ngamia watapita karibu na ukuta. Kaa uani.