Mjadala: Laptopu za skuli, SSD au hadi diski?

Maalim wa Wete
Assalaam alaykum. Kamati ya skuli yetu imepata pesa za laptopu za chumba cha kompyuta, na tumegawika. Muuzaji katuekea aina mbili mezani, zote mtumba, bei moja, tafauti ni pale pa kuekea mafaili, panapopimwa kwa GB. Za kwanza zina hadi diski ya GB 500. Za pili zina SSD ya GB 256. Mjumbe mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, anasema GB 500 ni karibu mara mbili, kwa hivyo anayetaka SSD anaitia skuli khasara. Vijana wanasema hadi diski ni mzigo. Mie nasomesha Jiografia, mtanisamehe. Pesa ni za watu wote, kwa hivyo semeni.

Mwanatunguu
Waalaykum salaam maalim. SSD, mjadala umekwisha. Hadi diski ya laptopu ni sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika na kijikono kinachokimbia juu yake kutafuta faili. Windows ikitaka kitu kidogo tu, kijikono kinasafiri, na safari moja ni milisekunde kumi na kitu. SSD ni chipu tupu, haina cha kusafiri, ni kama sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Ndio maana unawasha laptopu ya hadi diski, hujafungua hata programu moja, na tayari Windows inaonyesha diski imeshughulika asilimia 100. Kipindi ni dakika 40, watoto watakaa kutizama kiduara kinazunguka. Na hizo GB 500 mtatia nini? Kazi za Word?

Mstaafu Mkoani
Nyinyi vijana mmezoea vitu vya kuchezea. Hadi diski yangu niliinunua kabla ya waya wa umeme wa Tanga kufika Pemba, na waya ule umekuja 2010. Mpaka leo inafanya kazi. SSD ikifa inakufa kimya. Hadi diski inakuaga, inalia krek krek, unapata nafasi ya kuhamisha vitu vyako. Tena SSD ina idadi yake ya kuandikwa, ikimalizika ndio basi. Maalim usinunue kitu chenye umri wa kuhesabiwa.

Mwanatunguu
Umri wa kuhesabiwa tunao sote mzee wangu. Na hesabu yenyewe ipo wazi. Samsung 870 EVO ya GB 250 dhamana yake ni miaka mitano au kuandikwa TB 150 (TB moja ni GB 1000), kipi kitangulie. Mtoto aandike GB 20 kila siku, Ijumaa na Idi zote, TB 150 zitamchukua zaidi ya miaka 20. Bawaba za laptopu zitakuwa zishang'oka zamani.

Bint Vikokotoni
Mbona hamuutaji umeme? Kwetu unakatika na kurudi mara tatu usiku mmoja. Hadi diski ikikatiwa ghafla sahani inakwaruzika.

Ami Dongo
Laptopu ina betri, dada.

Bint Vikokotoni
Ya mtumba? Betri ya mtumba pambo hiyo. Chomoa chaja uone kama itakusubiri ufunge faili.

Fundi wa Mlandege
Naona kila mtu anasema alichosikia. Hadi diski za laptopu umeme ukikatika kichwa cha kile kijikono kinajirudisha chenyewe pembeni, nje ya sahani. Kinachoziua ni kuanguka au kutikisika zikiwa zinazunguka. Mtoto anafunga kifuniko, haijalala bado, anaitia mkobani, anapanda gari ya Konde, shimo moja baada ya jengine. Ukija kuifungua unaona duara jembamba limechorwa juu ya sahani, pale kichwa kilipogusa, na chembe nyeusi zimetapakaa ndani ya kasha. Zile chembe ndizo picha zako.

SSD za rahisi nazo umeme wa ghafla unaziumiza. Ndani zina daftari lao la kujua kila kitu kimeekwa wapi. Likikatwa linaandikwa, SSD inaamka haijijui, laptopu inakwambia hakuna diski. Kwa hivyo umeme hauna upande.

Maalim chukua SSD, lakini uliza na kizazi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta. Hizi laptopu zinazomiminika sasa, nyingi huko zilikotoka zimetupwa kwa sababu hiyo. Prosesa ya zamani hata ukiitilia SSD, itawaka haraka na Windows 11 itaikataa vile vile.

Karafuu Tele
Fundi lazima aseme SSD. Akishakuekea, ile hadi diski yako ya zamani inabaki kwa nani? Kwake. Wiki ya pili imo ndani ya kikasha cha USB, inauzwa "eksteno mpya kabisa". Mafundi wa mjini nyote riziki yenu ni hiyo.

Fundi wa Mlandege
Nyote? Yakhe, mie kazi hii nimeanza kwa kuchomea redio, na sijabaki na skrubu ya mtu. Hadi diski ya mteja naifunga kwenye karatasi, naandika jina, naiweka. Hawazifuati. Kabati limejaa. Mnataka nizirithi?

Karafuu Tele
Kumbe zimo kabatini. Ahsante, nimepata jibu langu.

Mpemba wa Konde
Huku kwetu fundi anamjua mpaka babu yako mzaa mama. Hawezi kukuibia, jioni mtakutana msikitini. Mjini mtu anakuibia leo, kesho anahama mtaa.

Bint Vikokotoni
Pemba mna mafundi? Si nyinyi mnaoshuka boti pale Malindi laptopu imefungwa kwa kanga mkononi, "fundi yuko wapi, fundi yuko wapi"?

Mpemba wa Konde
Tunashuka kununua, hatushuki kuomba. Na ukitaja mambo ya vifaa na umeme, kumbuka ile 2009 mulipokaa kiza miezi mitatu Unguja nzima, majenereta yanaunguruma Mji Mkongwe kama vita. Sie huku taa zinawaka.

Bint Vikokotoni
Ilianza Disemba 2009 ikaisha Machi 2010, na 2008 ilikuwepo nyengine. Nazikumbuka vizuri kuliko wewe, nilikuwemo. Taa zenu zilikuwa za jenereta za Wesha, msijitie.

Maalim wa Wete
Jamani, laptopu za skuli.

Mpemba wa Konde
Jenereta ni umeme au si umeme?

Dada wa Ng'ambo
Nyinyi mnachezea jambo la hadi diski za zamani, kwetu limetutoa machozi. Mdogo wangu alipeleka laptopu ikaekwe SSD, duka silitaji. Hadi diski ya zamani hakuidai, maana alishafuta kila kitu mwenyewe na pipa la taka akalimwaga. Baadae picha za ukumbini, usiku wa kuonyeshwa bibi harusi, zimekutikana kwenye simu ya mwanamme asiyehusika. Watu vichwa wazi, mabega wazi, mama yetu yumo anacheza. Usiku ule simu zenyewe tulizikusanya mlangoni kwenye beseni, mpiga picha mwanamke, hata mtoto wa kiume wa miaka kumi hakuingia. Tukalinda mlango, zikatokea kwa fundi.

Fundi wa Mlandege
Pole sana dada. Huyo si fundi.

Karafuu Tele
Wakiharibu huwa si mafundi. Wakilipwa ndio mafundi.

Mwanatunguu
Dada pole. Kufuta kwenye hadi diski hakufuti. Kinachoondoka ni orodha inayosema faili lipo pahala fulani. Picha yenyewe inabaki pale pale mpaka kitu chengine kiandikwe juu yake, na kufomati kwa haraka ni vivyo hivyo. Programu ya bure inazirudisha. SSD si hivyo. Ukifuta, Windows inaipelekea amri ya TRIM, na SSD yenyewe inasafisha pale palipokuwa na faili. Baada ya hapo mwenye programu ya kurudisha kwa kawaida anaambulia patupu. Sababu nyengine hiyo ya SSD.

Mstaafu Mkoani
Ngoja. Kwa hivyo kwenye SSD nikifuta picha ya marehemu mama kwa kubabatiza kidole, hairudi tena?

Mwanatunguu
Mara nyingi hairudi.

Mstaafu Mkoani
Na wewe unaihesabu hiyo ni sifa.

Mwanatunguu
Kitu cha maana mtu anaeka nakala, mzee.

Mstaafu Mkoani
Nakala naeka wapi?

Mwanatunguu
Kwenye hadi diski ya nje, ndio rahisi kwa nafasi.

Mstaafu Mkoani
Haya. Nimemaliza.

Mwanatunguu
Hujamaliza. Ya nje, inayokaa kabatini, si ya kuendeshea Windows. Hayo mawili hata siku moja sijayachanganya.

Mstaafu Mkoani
Na mbona usieke nakala kwenye SSD yako ukaifungia kabatini? Sema na hilo. Nimesoma kwamba isipopata umeme inasahau. Mwaka mmoja kwa joto la nyuzi 30.

Mwanatunguu
Umesoma nusu. Hicho kipimo cha JEDEC, wale wanaoweka viwango vya chipu, ni cha SSD iliyokwisha kuandikwa mpaka mwisho wa uwezo wake. Ikiwa mpya inakaa zaidi ya hapo.

Mstaafu Mkoani
Nyuzi 30 Mkoani ni saa nne asubuhi.

Ami Dongo
Mie nimenunua SSD ya nje tera 16, yaani TB 16, nyepesi, inaingia mfuko wa shati, na bei haikufika hata ya simu ndogo. Hayo mambo ya joto sijayaona.

Fundi wa Mlandege
Ami, ushatia vitu ndani?

Ami Dongo
Video zote za maulidi na za harusi ya kijana wangu.

Fundi wa Mlandege
Zitoe leo. Hizo za tera 16 nimezifungua. Ndani mna kadi ya memori ya simu, ile ndogo, ya GB 64 au karibu na hapo, imebandikwa kwa gundi kwenye kibao cha USB. Imefundishwa kuidanganya kompyuta. Unaona majina ya faili yote yapo, ukifungua mengi hayafunguki, kwa vile ikijaa inaandika mapya juu ya ya zamani. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza yote halafu inasoma tena. Maalim na wewe uifanyie jambo hilo SSD ya muuzaji kabla ya pesa kutoka mkononi, na uangalie programu nyengine, CrystalDiskInfo, inasema imewashwa masaa mangapi.

Ami Dongo
Video mbili za mwisho zinafungua. Nyengine zinasema faili limeharibika. Aliyeniuzia ni jamaa.

Karafuu Tele
Fundi?

Ami Dongo
Shemeji.

Dada wa Ng'ambo
Mtacheka. Suala langu hamjalijibu, hadi diski iliyotolewa ni ya nani? Mdogo wangu kaambiwa "ulikuwa hujaitaka". Kwani mtu akenda kubadilisha dirisha la nyumba, lile la zamani linakuwa la seremala?

Bint Vikokotoni
Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Picha za mtu ni taarifa zake.

Karafuu Tele
Sheria itaingia kwenye simu ya yule mwanamme izitoe?

Bint Vikokotoni
Itamfanya mwengine aogope. Au wewe unapenda tuendelee kutukana mafundi tu?

Mpemba wa Konde
Nasema hivi, fundi aandike kwenye risiti: "hadi diski ya zamani nimemrudishia", mteja atie sahihi. Basi. Huku Konde risiti hatuna, lakini tunarudisha.

Mwanatunguu
Na skuli ifikirie. Laptopu za mtumba zinazokuja na hadi diski, ndani mna mambo ya wenyewe. Nishakuta folda ya barua za ofisi ya mtu huko Ulaya, na picha za watoto wake. Ukimpa mtoto wa darasa la saba ile laptopu, umempa na maisha ya yule mtu.

Mjumbe
Mie ndie mtu mzima aliyetajwa pale juu. Nimesoma yote. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwa nini 256 ni kubwa kuliko 500.

Mwanatunguu
Si kubwa, mzee. Ni ya haraka. Nimesema mwanzo kabisa.

Mjumbe
Umesema milisekunde. Mtoto wa Wete anasoma kwa milisekunde?

Fundi wa Mlandege
Mzee, shikamoo. Mwambie muuzaji aziwashe mbili mbele ya kamati, moja ya kila aina, kwa pamoja, kutoka zimezima. Kaeni mtizame mpaka zote mbili zifungue Word. Hapo hutahitaji hesabu ya mtu.

Mjumbe
Marahaba. Hilo nimelifahamu. Na zile za zamani mnazozitoa, mnazivunja vipi? Maana skuli tuna kompyuta mbovu stoo, zina matokeo ya watoto.

Fundi wa Mlandege
Hadi diski za laptopu ni rahisi, sahani zake nyingi ni za kioo. Piga nyundo kati, itikise, ukisikia mchanga ndani basi kazi imekwisha. Za kompyuta za mezani sahani ni aluminiamu, zinapinda tu, hizo ufungue utoe sahani uikwaruze. SSD fungua kasha kwanza. Watu wanapiga kasha wanaridhika, kumbe ndani ni kibao kidogo, nusu ya kasha tupu. Piga chipu moja moja, ukibakisha moja umebakisha vitu vya mtu.

Karafuu Tele
Na zile za kabatini kwako, utazipiga mbele ya wenyewe au nyuma ya pazia?

Fundi wa Mlandege
Jumamosi baada ya alasiri. Njoo na nyundo yako.

Dada wa Ng'ambo
Nakuja mie.