RAV4 otomatiki inakosa nguvu nikipanda mlima wa Ngomo, garaji inasema ninunue bwati (giaboksi) ingine

mama_ndagala
Jambo kwenu wapendwa. Niko Bukavu, nafanya biashara ya ndagala na mikebuka toka Uvira. Gari yangu ni RAV4 ya 2002, otomatiki, usukani kuume. Asubuhi inatembea vizuri kabisa. Shida inaanza ikishapata moto. Nikitoka Kamanyola na mzigo, katikati ya kupanda Ngomo injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari haivuti. Nikisimama kidogo inarudisha nguvu. Mjini nako, nikitoa P kuweka D inakawia, halafu inaingia kwa kishindo. Na kitaa cha O/D OFF kwenye dashibodi, kile cha kuonyesha gia ya juu kabisa imefungwa, kinawaka na kuzimika chenyewe, kitufe sijakigusa.

Garaji moja imesema bwati imekufa, nitafute ya okazio (iliyotumika). Hawakufungua hata kapo (boneti). Pesa wanayotaka ndiyo mtaji wangu wote. Naomba mnieleweshe: ni nini kinaharibu hizi bwati, na je, yangu kweli imefika mwisho?

dereva_essence
Mama, ngoja kwanza. Noah niliyokuwa naendesha ilifanya hivyohivyo, ikawa ni mpira unaopeleka mafuta ya bwati kwenye radiateri unavuja pole pole. Tulikaza, tukaongeza mafuta, ikarudi kazini. Angalia chini ya gari asubuhi kama kuna tone jekundu.

fundi_kadutu
Mama, pole sana. Hiyo pesa usiitoe bado. Mtu ambaye hajafungua kapo hawezi kujua kama bwati imekufa.

Kwenye gari ya manuele ni mguu wako unaofanya kazi na ambreyaji (klachi). Kwenye otomatiki kazi hiyo inafanywa na mafuta: pompu inayasukuma, yanabana diski za ndani, diski zikishikana gari inavuta. Mafuta hayohayo ndiyo yanatoa joto na kulipeleka kwenye radiateri. Yakipungua, yakizeeka au yakiwa ya aina isiyofaa, diski zinateleza. Kuteleza kunaleta joto, joto linaunguza mafuta, na mafuta yaliyoungua yanabana vibaya zaidi. Ndiyo sababu asubuhi gari yako ni nzima na Ngomo inaishinda. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770, Kivu karibu 1,460, na barabara inapita juu kuliko Kivu kabla ya kukushusha Bukavu. Mzigo wa samaki nyuma, spidi ndogo, upepo kidogo kwenye radiateri: hapo ndipo ugonjwa unajionyesha. Tena mafuta yakiwa pungufu, kwenye mlima yanakimbilia upande mmoja, pompu inavuta hewa.

Kwa hiyo anza na kijiti cha mafuta ya bwati. Tafuta mahali tambarare kweli, maana hapa kwetu ukipima mbele ya nyumba tu kijiti kitakudanganya. Tembeza gari mpaka ipate moto, iache injini inawaka, kanyaga freni, pitisha lever toka P mpaka L taratibu, urudishe P. Chomoa, pangusa, rudisha, chomoa tena. Soma alama za HOT. Halafu dondosha tone kwenye kitambaa cheupe. Jekundu safi, usiogope. Kahawia bila harufu, yamezeeka. Meusi yenye harufu ya kuungua, diski zimeumia. Ukiona kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji ya radiateri yameingia kwenye bwati. Hapo usiendeshe hata mtaa mmoja.

Aina ya mafuta nayo inaua gari nyingi hapa mjini. RAV4 ya miaka hiyo inataka Toyota T-IV. Watu wanatia WS kwa kuwa ni ya Toyota pia, wengine wanatia mafuta mekundu ya kupimwa kwenye bidoni isiyo na jina. Na ndugu dereva wa Noah: kama ni ya baada ya mabadiliko ya 2004 yenye CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za kuhesabu), mafuta yake ni mengine kabisa, usichanganye na haya.

Angalia pia karteri ya bwati (bakuli la mafuta) kwa chini. Juzi niliteremsha ya Ipsum iliyogonga jiwe. Nje lilionekana bonde dogo la kawaida. Ndani, bati lilikuwa limepanda mpaka limeibana krepini (chujio la mafuta), mafuta yanapita kwa shida, na bwati inapiga mluzi. Mwenyewe alishaanza kutafuta bwati ingine! Tulinyoosha karteri, tukabadilisha krepini, basi. Kwenye sumaku za karteri, uji laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa, hapo ndipo tuzungumze habari ya okazio.

Sasa hicho kitaa. Kinapowaka na kuzimika, kompyuta inakuita. RAV4 za 2001 hadi 2003 zinajulikana: solda ndani ya kompyuta ya injini inaachia, amri za solenoidi (vali za umeme zinazoelekeza mafuta ndani ya bwati) zinaenda vibaya, gari inabadilisha vitesi (gia) kwa kishindo. Toyota yenyewe ilitoa waraka kwa mafundi wa Marekani juu ya jambo hilo. Mtu anabadilisha bwati, kompyuta inabaki ileile, na kishindo kinarudi kwenye bwati mpya. Inaniuma sana kuona mama anauza kiwanja kwa ajili ya piesi ambayo haikuwa mbovu. Dai wasome kodi (namba za makosa zilizo kwenye kompyuta) kwa skana kabla ya funguo yoyote kugusa bwati. P0750 au P0755 zinahusu solenoidi, si lazima bwati nzima.

kaka_wa_panzi
Fundi, mimi nilifundishwa kwamba bwati ya zamani haibadilishiwi mafuta. Ukitia mapya inakufa wiki hiyohiyo. Nimeliona kwa macho yangu.

fundi_kadutu
Umeona kweli, kaka, lakini bwati hiyo ilikuwa imeshakufa. Diski zikiisha, unga wake unaelea ndani ya mafuta na kusaidia kidogo kushika. Ukimwaga, unga unaondoka, na ukweli unabaki. Mafuta yakiwa meusi na yananuka, namwambia mteja wazi kabla ya kumwaga. Yakiwa yamezeeka tu, kuyaacha ndiko kunakoua.

mama_ndagala
Nimerudi. Nimepima kwenye uwanja wa parokia. Mafuta hayafiki alama ya chini ya HOT. Ni ya kahawia, hayanuki. Mpira mmoja unaokwenda kwenye radiateri umelowa. Kijana mwenye skana ametoa P0755 peke yake. Karteri haina bonde.

fundi_kadutu
Asante kwa kupima vizuri, mama. Hiyo si hali ya mtu wa kununua bwati.

Badilisha mpira huo pamoja na vibanio vyake. Mwaga mafuta, fungua karteri, safisha sumaku, weka krepini mpya na T-IV. Ukimwaga kwa skrubu ya chini inatoka karibu nusu tu, mengine yanabaki kwenye konvertisere (ile inayounganisha injini na bwati kwa mafuta), kwa hiyo tembea siku chache mjini bila mzigo, urudie kumwaga. Usikubali mashine ya kusukuma kwa presha. Kodi waifute, halafu muone. Ikirudi, wapime nyaya na solenoidi ile kwa multimeta. Vyote vikiwa vizima na bado inarudi, peleka kompyuta kwa mtu wa elektroniki anayejua kurudishia solda.

Kwenye Ngomo, ukiona vitesi vinabadilika-badilika, bonyeza O/D OFF mapema, usingoje iteleze. Ikiteleza, simama pembeni, weka P na freni ya mkono, acha injini iwake polepole ili pompu izungushe mafuta kwenye radiateri. Lakini kama na maji yanachemka, zima. Ukigeuza gari mlimani, isimame kabisa ndipo utoe R kuweka D. Ikikuharibikia njiani usikubali ivutwe kwa kamba magurudumu yakiwa chini. Ipakiwe.

mama_ndagala
Mpira wameshafunga leo mchana. T-IV nimeipata, mafuta wanamwaga kesho asubuhi na mimi nitakuwa palepale. Kodi ikirudi nitaandika hapa.