Tupeane uzoefu: Namna tulivyoacha kununua kila kitu kwa kupima

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo linalozigusa nyumba nyingi za kipato kidogo, hasa za sisi tunaolipwa kwa siku au tunaotegemea biashara ndogo. Mtu anayepata fedha kidogo kidogo hununua mkaa kwa kopo, mafuta ya kula kwa kipimo cha chini kabisa, unga kwa nusu kilo na sabuni kwa kipande, na kwa kufanya hivyo hulipa bei ya juu kuliko jirani yake mwenye mshahara, ambaye huchukua gunia zima, dumu la lita 20 na katoni. Simlaumu muuzaji wa gengeni wala mwenye duka, kwa sababu naye analipa usafiri, ushuru, pango la kibanda na mifuko ya kufungia. Lakini gharama zote hizo mwishowe humwangukia anayenunua kidogo mara nyingi.

Kila tunapolalamika huambiwa tubane matumizi. Nyumba inayokula ugali na dagaa mchana, na usiku ikala ugali na mchicha, haina tena cha kubana. Ninachoamini mimi, baada ya miaka mingi ya kuendesha nyumba kwa fedha za vibarua vya mume wangu na cherehani yangu, ni kwamba tuanze na bidhaa moja tu, tuitoe katika orodha ya kupima, kisha fedha inayobaki isiliwe bali itumike kuitoa bidhaa ya pili.

Kwangu bidhaa ya kwanza ilikuwa mkaa. Nilichukua gunia moja kwa fedha ya sare za shule nilizoshona, nikalipima kopo kwa kopo kwa kutumia chombo cha ukubwa uleule anaotumia muuzaji wa mtaani, ndipo nikaona kwa macho yangu ni kiasi gani nilikuwa nikilipa juu ya bei ya gunia. Chenga zilizobaki chini, ambazo wengi huzimwaga, nilizichanganya na udongo kidogo wa mfinyanzi na uji mwepesi wa unga wa muhogo, nikazifinyanga madonge ya ukubwa wa limau na kuyaanika juani mpaka yakakauka kabisa. Madonge hayo hayawaki haraka, lakini yakishashika moto hukaa muda mrefu, na kwa kuchemsha makande yananifaa kuliko mkaa mpya. Ninaomba tu jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata liwe limebaki na kaa moja, kwa sababu hewa yake huua bila harufu.

Tafadhali kila mmoja aeleze bidhaa aliyoanza nayo, alivyopata fedha ya kwanza, na alivyoihifadhi.

Mchangiaji wa Mbagala, Dar es Salaam

Ahsante, dada, kwa kuileta mada hii. Mimi ninakaa na watoto na mama mkwe, na kilichokuwa kikinimalizia mkaa ni maharage. Yanachukua saa nyingi jikoni, na ukiyaacha mabichi wazee na watoto wanaumwa tumbo. Bibi mmoja wa kanisani kwetu ndiye aliyenionyesha kupikia katika kikapu, na tangu hapo sijarudi nyuma.

Nilitafuta kikapu kirefu cha ukindu chenye mdomo mpana, nikakitandika ndani blanketi kuukuu lililokunjwa mara kadhaa, chini na pembeni, kisha nikashona mto wa sufi wa kufunika juu. Maharage ninayaloweka usiku, asubuhi ninamwaga maji yale na kuweka mengine, ninayachemsha kwa moto mkali kwa dakika 20 huku sufuria ikiwa imefunikwa, kisha ninaitoa sufuria ikiwa bado inatokota na kuizamisha kikapuni bila kufunua mfuniko. Ninaweka mto juu na kwenda katika shughuli zangu. Baada ya saa tatu au nne yameiva, ninayarudisha motoni yachemke tena ndipo niyaunge kwa nazi na kitunguu. Hatua ya kuchemsha mwanzoni isifupishwe na mtu yeyote, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wenyewe, na joto la kikapu peke yake halitoshi kuiondoa. Sufuria nayo ijae angalau zaidi ya nusu, kwani ikiwa na chakula kidogo hupoa mapema.

Wali nao unakubali. Ukishachemka dakika chache na maji yakapungua, kikapu kinamalizia kazi, tena hauungui, na hakuna ukoko wa kutupa.

Mchangiaji wa Iringa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninataka kuzungumzia mahindi, kwa kuwa huku Nyanda za Juu Kusini ndiko yanakotoka, na bado watumishi wengi tunayanunua Februari kwa bei ya juu kuliko ile ambayo mkulima aliyauza Julai. Mavuno huku ni kati ya Juni na Agosti. Katika miezi hiyo mkulima anahitaji fedha na mahindi ni mengi, kwa hiyo bei inashuka, kisha inaanza kupanda kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi mahindi mapya yatakapotoka. Mwenye uwezo wa kununua Julai chakula cha kumfikisha Machi amejipunguzia mzigo ambao hakuna kubana kwingine kutakaompunguzia.

Kikwazo ni wadudu. Dumuzi, yule ambaye wazee wa Tabora walimwita Scania alipoanza kuwamalizia maghala, anaweza kuligeuza gunia kuwa vumbi kabla ya Krismasi. Ninachotumia ni mifuko ya tabaka tatu, ambayo kwa nje ni kiroba cha kawaida na ndani ina mifuko miwili ya nailoni ngumu. Ukijaza mahindi, ukatoa hewa kwa kukandamiza na kufunga kila mfuko peke yake kwa kamba, wadudu waliomo humaliza hewa iliyobaki na kufa, wala huhitaji dawa yoyote. Mfuko ukitunzwa usitobolewe na panya, unatumika tena msimu unaofuata, jambo linalopunguza gharama yake.

Sharti ni mahindi yawe makavu, na hapa ninaomba radhi kwa kurefusha maelezo, lakini ni suala la uhai. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa huota ukungu unaotoa sumukuvu, na mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Sina mashine ya kupima unyevu, kwa hiyo ninatumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama dakika 15. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji na yarudi juani. Ikianguka chini yote na kuuacha ukuta safi, yanaweza kuhifadhiwa. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na yaliyooza au kubadilika rangi yachambuliwe na kutupwa. Asipewe kuku wala ng'ombe.

Tulipoanza hatukuwa na fedha ya kununua magunia. Walimu watatu tulichangia, tukakodi gari dogo moja kwenda kijijini, na hata gharama ya usafiri tuligawana. Nyumbani tunasaga dona. Hatulipii kukoboa na hatupotezi pumba, hivyo debe moja linatupa unga mwingi zaidi, na watoto wameizoea.

Mchangiaji wa Nairobi

Kwetu katika mitaa ya mabanda hakuna shamba, wala huwezi kuhifadhi gunia la mahindi katika nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi. Nilichoweza kukitoa katika orodha ni mboga. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, bei ya chakula ilipanda sana, na mwaka 2008 shirika la misaada la Solidarités kutoka Ufaransa lilianza kuwafundisha wakazi wa Kibera kulima kwenye magunia. Jirani yangu alijifunza wakati huo, nami nikajifunza kwake.

Gunia husimamishwa mlangoni panapopata jua. Katikati unasimamisha mkebe uliotobolewa juu na chini, unaujaza kokoto na kuuzungushia udongo uliochanganywa na samadi. Kisha unauvuta mkebe juu, unaongeza kokoto na udongo, hivyo hivyo mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe ibaki katikati. Maji yakimwagwa juu ya mawe hufika hadi chini badala ya kulowesha juu tu. Ubavuni unatoboa matundu ya kupandikiza miche ya sukuma wiki, na juu unaweka vitunguu vya majani au dania. Majani ya chini ndiyo yanayochumwa kwanza, mche unaendelea kupanda, na gunia moja likitunzwa huilisha nyumba mboga kwa miezi. Maji niliyosuuzia mchele na mboga ndiyo ninayomwagilia. Ya sabuni siyatumii. Udongo wa karibu na mtaro wa maji machafu au karakana za magari usichukuliwe hata kama ni wa bure.

Mchangiaji wa Tanga

Nitakuwa mfupi. Sisi tulikuwa tukinunua maji kwa dumu la lita 20 kila siku, na katika mvua za masika tulikuwa tukinunua maji huku mengine yakimwagika barazani. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Bati la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 600, hata ukiondoa yanayorukia nje bado ni madumu zaidi ya 20. Fundi alitukunjia mfereji kutoka bati lililobaki, tukauelekeza kwenye pipa lenye mfuniko na kitambaa cha wavu ili mbu wasizalie humo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi tunaiacha ioshe bati. Maji hayo ni ya kufulia, kuogea na kudekia. Ya kunywa tunayachemsha.

Mchangiaji wa Mwanza

Nimesoma yote kwa makini, na ninataka kumjibu mleta mada katika swali lake la fedha ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama na kuangukia mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana. Kila juma tunanunua hisa, asiye nacho anunue moja na mwenye nacho anunue hadi tano. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vinatakiwa kusajiliwa, nami ninawasihi msikipuuze kipengele hicho, kwa sababu kikundi kisichosajiliwa hupata shida zaidi kudai haki yake mtunza fedha akitoroka.

Ndani ya kikundi wanawake kumi tulianzisha mchezo wa bidhaa. Badala ya kumpa mmoja fedha taslimu, ambayo hufika nyumbani ikakuta madeni yanaisubiri mlangoni, tunanunua kwa jumla katoni za sabuni za mche, madumu ya mafuta na dagaa wa ziwani, kisha tunagawana sawasawa. Sabuni ninaikata vipande ikifika na kuipanga kabatini ipate hewa wiki kadhaa, maana iliyokauka haiyeyuki ovyo kwenye beseni. Mwezi wa Septemba tunanunua madaftari na vitambaa vya sare. Elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari 2016, lakini sare, madaftari na michango bado ni vyetu, na mzazi anayesubiri Januari anakuta mafundi wamejaa kazi na bei zimepanda.

Mchangiaji wa Mabibo, Dar es Salaam

Naomba kuuliza. Mimi nimepanga chumba kimoja, sina stoo, na mwenye nyumba hataki mkaa barazani. Nimefikiria jiko la umeme la presha, lakini sote wapangaji tunatumia LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, na tunachangishana. Je, inalipa?

Mleta mada

Mdogo wangu, jiko la aina hiyo linapika maharage kwa umeme mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu chungu chake kimefungwa na kimezungushiwa kizuia joto. Tatizo lako lipo kwenye LUKU. Katika bei za umeme zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa daraja la D1, yaani la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na zinazozidi hulipiwa shilingi 350. Familia nne zikitumia mita moja, uniti hizo zinaisha mapema, na nyote mnalipa bei ya mtumiaji mkubwa ingawa kila mmoja wenu ni mtumiaji mdogo. Zungumzeni pamoja na mwenye nyumba, mkiwa na risiti za miezi kadhaa mkononi, awaruhusu kuombea mita nyingine, hata kama mtalazimika kuchanga gharama ya kuiunganisha. Mita ndogo za kila chumba zitawasaidia kugawana bila ugomvi, lakini hazitashusha bei, kwa sababu LUKU itabaki moja. Mpaka hapo mtakapokubaliana, tengeneza kikapu kama alivyoeleza dada wa Mbagala. Kinaenea chini ya kitanda.